Dawa ya wadudu inayonyonywa na kiazi: fahamu inapofika na isipofika

Msimu wangu wa kwanza wa kuzalisha mbegu za viazi niliweka dawa kwenye mfereji siku ya kupanda, nikafukia, nikarudi nyumbani roho imetulia. Wiki ya sita ungegeuza majani mpaka uchoke usione kidukari, yule mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa majani. Wiki ya nane majani yakatoka mabakamabaka ya kijani hafifu na kukunjamana, na wakaguzi wakaikataa mbegu yote: virusi Y, ugonjwa wa viazi unaoenezwa na vidukari. Iliniuma sana. Mengi ya haya ninayokuandikia wewe unayeanza nilijifunza katika shamba lile.

Dawa za kunyonywa, kama imidaklopridi na thiamethoksamu, huingia kupitia mizizi au jani na kusafiri ndani ya mmea. Nyingi kati yake husafiri na maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi, kwa hiyo mwendo wake ni wa kwenda juu tu. Ukilielewa hilo, mambo mengi yanajieleza yenyewe. Udongo ukiwa mkavu mmea haunywi, na dawa nayo inabaki pale ulipoimwaga. Ukipulizia jani la juu, usitegemee kwamba la chini limelindwa. Na kadiri mmea unavyorefuka, ile dawa ya siku ya kupanda inagawanyika kwenye majani mengi zaidi, nguvu yake inapungua. Zipo chache zinazopanda na kushuka pia, kama spirotetramati, lakini usidhani yako ni mojawapo mpaka umesoma lebo.

Kwa sababu hiyohiyo, usiitegemee dawa hii dhidi ya nondo wa viazi. Funza wake hutoboa viazi vyenyewe, na dawa inayopanda na maji haifiki huko kwa kiasi cha kuvilinda. Kinachomzuia ni udongo: pandisha tuta vizuri, ziba nyufa, usiache kiazi kikichungulia nje, na ukishavuna usilaze viazi shambani usiku.

Sasa virusi, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Kidukari hueneza virusi vya kukunja majani kwa namna moja, na virusi Y kwa namna nyingine kabisa. Vile vya kukunja majani vinamtaka anyonye kwa muda mrefu, kisha vizunguke mwilini mwake kwa saa nyingi kabla hajaweza kuambukiza mmea mwingine. Muda huo unatosha dawa kumuua, na ndiyo maana hapo dawa za kunyonywa zinasaidia kwelikweli. Virusi Y hubebwa kwenye ncha ya mdomo. Kidukari anadunga jani kwa sekunde chache kuonja tu, anaruka, anadunga la pili, kazi imekwisha. Ili dawa imuue lazima anyonye, na akifika hapo ameshaambukiza. Tena mara nyingi waletaji ni vidukari wapitao, wenye mimea yao mingine, ambao hawakai kwenye viazi hata uwaone. Shamba langu lilikuwa safi machoni huku likiambukizwa kila siku.

Dhidi ya virusi Y, fedha yako iweke kwanza kwenye mbegu safi iliyokaguliwa. Kisha pita shambani mapema, mche ungali mdogo, ung'oe kila wenye dalili pamoja na viazi vyake na kuutoa nje. Mafuta ya madini yanayopuliziwa kwenye majani yanapunguza maambukizi, mradi urudie kadiri majani mapya yanavyotoka. Kwa mbegu, kuua mashina mapema kunazuia virusi visishuke kwenye viazi. Nafaka iliyopandwa kuzunguka shamba nayo husaidia: kidukari akianza kuonja hapo, anausafisha mdomo kabla hajafika kwenye kiazi.

Usugu ni jambo la kuliogopa tangu msimu wa kwanza. Kidukari wa kijani wa pichi, ndiye msambazaji mkuu, ameshazoea dawa za makundi mengi. Kubadili jina la chupa si kubadili dawa. Tazama namba ya kundi kwenye lebo, maana dawa za kundi moja huua kwa njia moja: imidaklopridi, thiamethoksamu na asetamipridi zote ni kundi 4A. Ukitumia 4A ardhini wakati wa kupanda, usipulizie 4A nyingine juu msimu huohuo; chagua kundi lenye namba tofauti. Na usipulizie kwa kufuata kalenda. Geuza majani ya katikati na ya chini ya mimea mingi sehemu mbalimbali za shamba, hesabu, andika, kisha uamue. Ukiwaona mbawakawa wenye madoadoa na watoto wao wakila vidukari, wape nafasi. Ukiwaua hao umejiongezea kazi.

Ua la kiazi halina nekta, lakini nyuki wengine hulifuata kwa chavua, na magugu yenye maua huwavuta wengi zaidi. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu kutumika nje ya nyumba za kupandia zilizofungwa, kwa ajili ya nyuki. Popote ulipo, hakikisha kwanza kwamba dawa yako imeruhusiwa kwa viazi, palilia kabla ya kupulizia, na usipulizie wakati wa maua.

Mbegu iliyopakwa dawa ikibaki, usiipike wala usiwape mifugo, hata ukiiosha. Dawa iko ndani.