Kinga ikimgeukia mwenyewe, usiiongezee nguvu

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Ngamiani hapa Tanga. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24, viungo vinamuuma muda mrefu na mashavuni katoka mabaka, wamempima damu kipimo kinaitwa ANA, wakasema iko pozitivu na ni lupasi, yaani kinga yake inamshambulia mwenyewe. Shangazi kamletea unga wa kuongeza kinga. Tumpe? Na inakuwaje kinga ikupige wewe mwenyewe?

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe pole mgonjwa. Huo unga msimpe. Shida yake sio kinga ndogo, ni kinga iliyokosa wa kuituliza.

Iko hivi, seli za kinga zinaumbwa kwa kubahatisha, kila moja na umbo lake, ndo maana zinatambua hata kidudu ambacho mwili haujawahi kukiona, ila kwa kubahatisha huko lazima zitokee na zinazonasa vitu vyetu wenyewe. Seli T, aina mojawapo ya hizo seli za kinga, zinapimwa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, inayong'ang'ania sana protini za mwili inauliwa hukohuko. Zingine zinaponyoka, kwetu sote, na hizo zinatulizwa na seli T za kudhibiti, kazi iliyowapa Sakaguchi wa Japani na Brunkow na Ramsdell wa Marekani tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Kwenye lupasi utulizaji umeshindwa, mwili unatengeneza antibodi, yaani protini za kinga, za kushika vitu vya ndani ya kiini cha seli, mpaka DNA. ANA inapima hizo (wapo wazima kabisa wanayo, kwa hiyo daktari haangalii karatasi peke yake). Sasa seli ikifa vya ndani vinamwagika nje, antibodi zinavishika, na jua kali linaua seli za ngozi, kwa hiyo jua letu hili la Tanga mwambie asitoke bila mtandio na mikono mirefu.

Ninachokiogopa zaidi ni figo. Antibodi zikishikana na DNA zinaenda kunasa huko, na figo haliumi, binti anajiona mzima kumbe linaharibika, ndo maana mkojo upimwe protini kila kliniki. Akipewa dawa ya haidroksiklorokwini watu watamwambia ni ya malaria, kweli ilianzia huko, ila kwake inatuliza kinga, asiiache na macho yapimwe. Kama kapewa prednisoloni, nayo ni dawa ya kutuliza kinga, asiikate ghafla.

Miguu ikivimba au mkojo ukitoa povu msingoje tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo.