Shemeji ametuletea kiwanja, lakini machale yananicheza

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba Ilala, huu ni mwaka wa kumi na nne. Mimi na mume wangu tumedunduliza, mwezi uliopita tukavunja kikoba, sasa tuna milioni tisa za kununua kiwanja. Mtoto wa mama mkubwa wa mume wangu ametuletea mtu anayeuza ishirini kwa ishirini huko Chanika. Anasema ni urithi wa marehemu baba yake. Anataka milioni tano kabla ya Ijumaa, eti kuna mteja mwingine.*

*Jumapili tulikwenda kukiona. Sijui nisemeje, nilipofika tu mwili ulinisisimka. Muuzaji alikuwa anatafuta mipaka kwa macho kama sisi wageni. Jirani aliyekuwa akifagia alitusalimia mimi na mume wangu, muuzaji hakumsalimia. Nilipotaja serikali ya mtaa akasema wale watakula asilimia kumi bure, tuandikishane wenyewe. Mume wangu anasema nina wasiwasi kama kuku mgeni, na nikiendelea nitamgombanisha na ndugu yake. Nimeswali istikhara, sijaota kitu.*

*La pili, pesa zimepotea ndani mara mbili, elfu ishirini, kisha elfu kumi. Machale yananiambia ni dada wa kazi. Ana miezi mitatu kwetu, mkimya, hakuangalii usoni, na jirani amenitonya kwamba mabinti wa huko kwao wana mkono mrefu. Mshahara wake wa mwezi huu nimeushikilia kwanza. Shangazi, machale yangu hayajawahi kunidanganya. Niyafuate? Mama Watatu, Dar es Salaam.*

Marahaba, mwanangu. Nianze na lenye tarehe: hizo milioni tano zisitoke Ijumaa. Wala zisitoke Ijumaa inayofuata kama haya nitakayokuandikia hayajafanyika. Mengine tuyaseme taratibu.

Umeniuliza kama uyafuate machale yako, kana kwamba ni kitu kimoja. Barua yako ina machale mawili, na mimi nayaamini ya Chanika, ya jikoni kwako siyaamini.

Unasema hujui usemeje, mwili ulisisimka tu. Mbona umesema vizuri sana? Mtu anauza shamba la baba yake na hajui linaishia wapi. Mrithi anaweza kukosa hati, anaweza kukosa hela ya kupima, lakini mwembe wa mpakani anaujua, kwa sababu ndio uliomletea magomvi na watoto wa jirani. Halafu huyo mama wa ufagio. Salamu kwetu ni bure, mama anayefagia uwanja wake anamsalimia hata muuza maji asiyemjua. Akiwasalimia wageni wawili na kumruka wa tatu, ama hamjui na anashangaa anawaonyesha nini pale, ama anamjua vizuri mno. Na mtu asiyetaka ofisi ya mtaa ijue, huku anawahi Ijumaa. Mwili wako ulivijumlisha hivi vyote kabla kichwa hakijapata maneno. Usiseme ni hisia tu. Ulikuwa na ushahidi ambao hujaupanga.

Katika Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani, Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao walichapisha mwaka 1997 jaribio la karata. Mchezaji anachota kutoka mafungu manne, mawili kati yake yanalipa vinono mwanzoni halafu yanakufilisi. Walipima jasho la ngozi ya mikono, wakakuta linaanza kupanda mtu anapoupeleka mkono kwenye fungu baya, kabla hajaweza kueleza kwa nini anaogopa. Wapo watafiti waliokuja kubisha, wakasema wachezaji walikuwa wanajua mengi kuliko walivyopimwa. Mimi ubishi huo haunisumbui. Kwa vyovyote vile, mtu yule alikuwa ameshachota karata kadhaa. Mwili haukujua kwa uganga, ulijua kwa kuonja.

Ndiyo maana nauliza: wewe umeonja nini maishani? Kiwanja hujawahi kununua. Ungeniandikia kwamba machale yamekwambia udongo wa pale haufai msingi, ningekucheka. Lakini watu wanaouza vitu unawajua. Miaka kumi na nne belo likifunguliwa kidole chako kinajua kitambaa kabla jicho halijasoma lebo. Anayekuletea gauni akisema alinunua kwako jana, unamjua kabla hajamaliza sentensi kwamba halikutoka kwenye meza yako. Na ukikosea, soko linakuadhibu jioni ile ile, nguo inalala, hela inapotea, kesho unakuwa mjanja zaidi. Wanasaikolojia wawili waliokuwa na misimamo ya kupingana juu ya mambo haya, Daniel Kahneman na Gary Klein, waliandika pamoja mwaka 2009 wakakubaliana hapo: hisia ya haraka inaaminika pale ambapo mambo yana utaratibu unaojirudia, na wewe umepata muda wa kutosha wa kukosea na kusahihishwa. Jumapili ile hukuisoma ardhi, mwanangu. Ulimsoma muuzaji, na kwenye hilo wewe ni fundi.

Sasa usikimbilie kumwita mtu tapeli. Machale ni mbwa wa getini: anabweka, hakwambii kama ni mwizi au paka. Kazi ya kutoka na tochi ni yako. Huenda yule bwana amelelewa kwa bibi yake mkoani ndiyo maana mipaka haijui, na yule mama walikosana zamani kwa sababu ya mbuzi. Inawezekana. Basi utajua.

Rudi Chanika siku ya kazi, asubuhi, bila muuzaji na bila shemeji. Usiende na mafaili, nenda na khanga yako na shilingi mbili za kununua nyanya gengeni. Mtafute yule mama wa ufagio, umwambie ukweli: tunataka kununua hapa, tutakuwa majirani, naomba nijue tunaingia wapi. Halafu nyamaza. Wanawake wa mtaani hawapendi kutia mkono kwenye biashara ya mtu, ila akijua atakaa na wewe ukuta kwa ukuta maisha yote, atasema. Kisha mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa. Uliza eneo hili linajulikana ni la nani, lina kesi, limeuzwa mara ngapi. Malalamiko ya asilimia kumi yapo, siwezi kumkatalia. Lakini kuuliza si kulipa, na anayekukataza kulipa hana sababu ya kukukataza kuuliza.

Kwa kuwa anasema ni urithi, kuna karatasi moja ambayo ndiyo ingemaliza hadithi yote. Aliyefariki hauzi, na mtoto hauzi kwa sababu tu ni mtoto. Anayeuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa Mahakama ya Mwanzo uteuzi huo unaandikwa kwenye fomu namba nne. Iombe. Soma jina lililoandikwa, ulilinganishe na kitambulisho chake cha NIDA. Soma namba ya shauri, nenda mahakama iliyotajwa, uliza karani kama wanaitambua. Uliza mama yake yu hai? Ndugu zake wangapi, na wanajua? Mjane anayekuta nyumba imeota kwenye shamba la mumewe haendi kumdai mwanawe, anakuja kukudai wewe uliyejenga. Akikuambia fomu iko kwa mwanasheria, mwambie twende wote kwa huyo mwanasheria. Angalia uso wake wakati huo, maana hapo ndipo penye ufundi wako. Na kama atadai kwamba kiwanja kimepimwa, basi kina namba, na namba hiyo hufanyiwa upekuzi ofisi ya ardhi, si kwa dalali.

Yote yakikaa sawa, nunueni. Mbele ya uongozi wa mtaa, ndugu zake wakiwapo na kutia saini, hela iingie benki kwenye akaunti yenye jina lake yeye. Na hapo machale yatakuwa yamekugharimu nauli na nyanya.

Kuhusu mume wako. Ulikosea mlango. Ulimwambia "machale yananicheza," na mwanamume aliyeletewa neema na ndugu yake hatauacha mpango kwa sababu ya machale ya mkewe. Zaidi, alisikia kwamba unamwita nduguye mwizi. Usiyataje tena machale. Mwambie ulichokiona, kimoja kimoja, kama unavyonipa mimi: Baba nanihii, mbona hakujua mpaka? Mbona yule mama hakumsalimia? Muulize, wala usimjibie. Halafu mwambie huna neno na shemeji, huenda naye ameletewa kama mlivyoletewa ninyi, na mkienda mtaani mtakuwa mnamlinda hata yeye, maana likiharibika ndiye atakayeitwa kwenye kikao cha ukoo. Shemeji akinuna, anune. Kununa kwa shemeji kunaisha sikukuu ijayo. Milioni tano haziishi hivyo.

Watu wengi wanaoniandikia baada ya kutapeliwa, na wananiandikia kweli, hawasemi "sikujua." Wanasema "niliona aibu kuuliza." Adabu zetu ni nzuri, nazipenda, lakini matapeli nao wanazipenda. Wanajua hutamwomba kitambulisho mtu aliyeletwa na mtoto wa mama mkubwa.

Istikhara, neno moja tu, mimi si sheikh. Wanavyuoni wengi wanafundisha kwamba ndoto si sharti lake. Umemwomba Mola akufungulie lenye heri na akuepushe na lenye shari, basi endelea kulifanyia kazi jambo lako huku ukitazama linavyofunguka au linavyokwama. Wewe ulikuwa unasubiri usingizi ukupe jibu ambalo macho yako yalishakupa mchana.

Tuje kwa binti.

Nimesoma sehemu hii ya barua yako mara kadhaa nikitafuta ulichokiona. Sijakipata. Hakuna siku umemkuta chumbani kwako, hakuna kitu kipya alichonunua, hakuna uongo uliomnasa nao. Umeniandikia kwamba ni mkimya na hakuangalii usoni. Mwanangu, umelelewa Ulaya wewe? Mtoto wa kwetu akimkazia macho mkubwa anaambiwa hana adabu. Binti yuko nyumba ya watu, miezi mitatu, atakuangalia usoni akitafuta nini? Halafu umeniletea maneno ya jirani juu ya mabinti wa "huko kwao." Hayo si machale. Ni umbea, umeingia kwa sikio ukashuka tumboni, sasa umeusahau ulikoingilia unadhani umezaliwa nao.

Nyumba yako, kwa hesabu ya barua yako, ina wewe, mumeo, watoto watatu, na yeye. Watu sita. Kwa nini hisia zako zimetua kwa yule mmoja asiye na wa kumtetea? Hapo ndipo ninapoyapima machale ya mtu. Kumshuku muuzaji aliyeletwa na shemeji kunakugharimu: mume amekasirika, ukoo utasema, kiwanja kinaweza kuponyoka. Yalikuja ukiwa huyataki. Kumshuku dada wa kazi hakukugharimu chochote, na mtaa mzima utakuunga mkono kabla hujamaliza kusimulia. Onyo linalokuja kirahisi hivyo, likielekea kwa mnyonge, mimi huliuliza maswali mara mbili.

Na hilo la kwamba hayajawahi kukudanganya, nikuombe usilirudie. Yaliyolenga unayakumbuka na umeyasimulia sokoni, yaliyokosea yalipita kimya kimya. Ni mara ngapi umeamka usiku ukiwa na hakika mtoto amepatwa na jambo shuleni, na jioni akarudi anadai chapati?

Pesa zifungie. Hesabu unachoweka, andika kwenye daftari lile lile la mauzo, funguo zikae na wewe. Zikipotea tena utakuwa na tarehe na kiasi, na utajua nani alikuwa ndani. Usipekue begi la binti usiku, wala usimtegee noti mezani; ukimtegea mtu mwenye shida utapata unachokitafuta na hutajua kama ndicho kilichotokea kwanza. Mwite ukiwa umetulia, mwambie pesa zimepotea humu ndani, umewauliza wote, hata watoto. Na uwe umewauliza kweli.

Mshahara umeutaja kwa nusu mstari, kama jambo dogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya dhana, na dada wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine. Amefua, amepika, amewapeleka watoto shule mwezi mzima. Mlipe leo, kabla hujapanda gari la Chanika.