Kanda zako za Vitimbi na Vioja Mahakamani bado zinaokoleka

Kwenye nyumba nyingi za Kenya, juu ya kabati au chini ya kitanda, kuna katoni ya kanda za video ambazo hazijachezwa tangu deki iharibike. Ubavuni kuna lebo ya karatasi iliyogeuka manjano, na mwandiko wa baba au wa shangazi: "Vitimbi. Msifute." Kama katoni hiyo iko kwenu, soma hapa kabla mtu hajachomeka kanda hata moja. Kanda nyingi tunazoziona zimekufa hazikuuawa na miaka. Ziliuawa siku ile moja mtu alipopata deki ya kuazima akaiwasha kwa hamu.

Hamu yenyewe tunaielewa vizuri. Mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni, VoK (Voice of Kenya), iliyogeuka kuwa KBC mwaka 1989. Mwenye runinga ya Great Wall na betri ya gari alijaza majirani sebuleni, na wote walicheka kwa pamoja kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Ndiyo maana sauti ya Mzee Ojwang', mhusika wa kichekesho cha Vitimbi, humrudisha mtu wa miaka 50 nyumbani kwao upesi kuliko picha yoyote ya albamu.

Halafu vipindi hivi vilijengwa kwa namna inayoliwaza. Tazama Vioja Mahakamani, iliyoanza miaka ya 1970: hakimu yuko mahali pake, kiongozi wa mashtaka mahali pake, askari mlangoni, na kizimba palepale. Anaingia mshtakiwa, Makokha au Ondiek Nyuka Kwota, na kabla hajafungua kinywa unajua atajiponza kwa ulimi wake mwenyewe, na kwamba hukumu itatoka kabla kipindi hakijaisha. Huhitaji kukumbuka ya wiki jana. Mtu aliyechoka kuuguza, au mzee ambaye kumbukumbu imeanza kumtoka, anaweza kuingia katikati na asipotee.

KBC wenyewe wameweka vipindi YouTube, na kama unataka kucheka tu, anzia huko leo jioni. Kanda yako ina kitu cha ziada: matangazo ya sabuni ya wakati ule, kipande cha taarifa ya habari kilichonaswa bahati mbaya, na kile kipindi hasa ambacho nyumba yenu ilikirudia mpaka watoto wakakijua neno kwa neno.

Kanda kwanza, deki baadaye

Ishike kanda chini ya mwanga wa tochi, tochi ikiwa imelazwa ubavu, na uchungulie kwenye kile kidirisha. Kingo za roli zinapaswa kuwa nyeusi, laini, zimenyooka kama ukurasa wa kitabu kilichofungwa. Ukiona vumbi jeupe au la kijivu kama unga umenyunyiziwa kwenye kingo, huo ni ukungu. Nusa pia: harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi ni dalili tosha. Kanda zilizokaa Mombasa, Unguja, Dar au karibu na ziwa hushika ukungu zaidi, kwa sababu hewa ina unyevu mwaka mzima.

Kanda yenye ukungu usiicheze kabisa. Unga ule unapopita kwenye deki hubaki kwenye vichwa vinavyosoma utepe na kwenye rola, na kanda inayofuata, hata ikiwa safi, huupokea. Ni yale ya samaki mmoja akioza. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na gramu 100 au zaidi za silika jeli, zile chembe zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu, kwa wiki moja hadi mbili. Ukungu ukikauka hupoteza mnato na unaweza kupanguswa kwa brashi laini. Fanya hivyo nje ya nyumba, umevaa barakoa, na usifanye jikoni. Ikiwa unga umepenya katikati ya mikunjo ya utepe, hapo mpe fundi mwenye uzoefu.

Kwa kanda isiyo na ukungu, bonyeza kile kitufe kidogo ubavuni ili mlango wa mbele ufunguke, utazame utepe bila kuugusa. Mafuta ya vidole hayatoki. Ukiona sehemu iliyokunjamana, usishtuke, picha itaruka hapo sekunde chache tu. Kisha kwenye ukingo wenye lebo, pembeni, kuna kijipande cha plastiki. Kama bado kipo, kivunje sasa hivi kwa bisibisi. Kikiwepo, deki inaweza kurekodi juu ya kipindi chako, na kidole kimoja kikikosea kitufe, Mama Kayai wa Vitimbi ametoweka. Kwenye kanda nyingi tunazopokea, hicho kijipande hakijavunjwa.

Lebo usiibandue. Ipige picha kwanza, kila upande. Mwandiko ule ni sehemu ya kumbukumbu, na mara nyingi ndio unaobeba tarehe pekee utakayoipata.

Deki

Deki iliyokaa miaka kumi bila kuwashwa ina mpira uliokauka ndani yake. Mkanda wa mpira na gurudumu dogo linalozungusha roli huwa gumu na kuteleza. Rola inaendelea kusukuma utepe mbele, lakini roli ya kupokea haizunguki, basi utepe unajazana ndani ya mashine. Hiki ndicho watu wanachokiita "deki imekula kanda". Kwa hiyo anza na kanda usiyoijali. Icheze dakika 10, ipeleke mbele, irudishe nyuma, itoe. Fungua mlango wa kanda utazame kingo za utepe. Zikiwa zimekunjamana, mpelekee fundi abadilishe mpira kabla hujaendelea.

Vichwa husafishwa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya bluu, mafuta ya taa na marashi huacha utando. Chomoa deki kwenye umeme, ondoa mfuniko, na utaona pipa la chuma linalong'aa, limeinama kidogo. Vichwa vyenyewe ni vijipande vidogo kuliko punje ya mchele vinavyochungulia kwenye ukingo wa pipa. Lowesha kipande cha karatasi nyeupe ngumu au ngozi laini ya kufutia, kigandamize taratibu ubavuni mwa pipa na ukishikilie kisitikisike, kisha zungusha pipa kwa kidole kutoka juu, mizunguko michache. Usisugue kamwe juu-chini, vichwa vitavunjika. Pamba ya masikio pia hapana, nyuzi zake hunasa kwenye kichwa na kuking'oa. Subiri dakika 15 vikauke.

Ndugu walioko Marekani wanaohifadhi kanda zilizotumwa kutoka nyumbani wakumbuke jambo moja. Kanda za Kenya ni za mfumo wa picha wa PAL, na deki ya kawaida iliyonunuliwa Marekani inasoma mfumo wa huko, NTSC, tu. Picha itaviringika au itatoka bila rangi, na watu hudhani kanda imekufa. Haijafa. Tafuta deki ya mifumo mingi. Deki iliyonunuliwa Oman haina tatizo hili, kwa kuwa huko nako walitumia PAL.

Kuhamisha kwenda kompyuta

Kabla ya kucheza, peleka kanda mbele mpaka mwisho, kisha irudishe mpaka mwanzo. Utepe uliolala miaka mingi umeshikana na kulegea mahali pengine, na mzunguko huo mmoja husawazisha mkazo wake. Ukisikia mlio wa kukwaruza kama breki za baiskeli, simamisha. Utepe unanata.

Waya ni tatu: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Deki nyingi za zamani zina tundu moja tu la sauti, nawe utasikia Mzee Ojwang' kwenye spika ya kushoto peke yake. Hiyo si hitilafu. Nakili upande huo kwenye pande zote mbili ndani ya programu. Kifaa cha kunasa picha cha USB kinatosha kwa kuanzia, na programu ya OBS haina malipo. Weka PAL, vipimo 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Usinase kwa vipimo vya kisasa eti picha iwe kali, kwani kanda haina hicho unachokitafuta, na faili litavimba bure.

Kanda ya E-180 ni saa 3 na E-240 ni saa 4, na iliyorekodiwa kwa mwendo wa polepole, LP, huchukua mara mbili ya hapo. Hakuna njia ya mkato: saa 3 za kanda ni saa 3 za kungoja. Ukinasa kwa mfumo wa DV, panga nafasi ya GB 13 kwa kila saa. Zima arifa zote za kompyuta, na usifungue kitu kingine wakati inanasa.

Tatizo linalowasumbua wengi ni midomo kuachana na sauti. Kipindi kinaanza sawa, na baada ya dakika 40 hakimu anafungua kinywa kabla sauti yake haijasikika. Chanzo chake ni kanda yenyewe: mahali utepe ulipochakaa, mawimbi hukatika, kompyuta hukosa fremu kadhaa, lakini sauti inaendelea. Suluhisho la bei nafuu ni kupitisha waya kwanza kwenye mashine ya kurekodia DVD, kisha ndipo uende kwenye kompyuta, kwa sababu baadhi ya mashine hizo hunyoosha mawimbi. Kama huna, nasa kipindi kimoja kimoja badala ya kanda nzima, ili kosa lisipate muda wa kujilimbikiza.

Mistari inayotetemeka chini kabisa ya picha ni ya kawaida kwa VHS. Runinga za zamani ziliificha nyuma ya fremu. Iache kwenye nakala kuu.

Na tafadhali, matangazo msiyakate. Wateja wengi huomba tuyaondoe, na baada ya mwaka wanarudi kuuliza kama bado tunayo. Mtangazaji anayesema kipindi kinachofuata, wimbo wa dawa ya meno, saa ya stesheni kabla ya taarifa: hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu aseme "nilikuwa nimekaa pale, mlangoni". Hifadhi nakala kuu kama ilivyo, kisha tengeneza ya pili ya kutazama kwa H.264, mfumo wa kubana video, ambayo huwa GB 2 hivi kwa saa. Nakala kuu iwe mahali patatu, pamoja na nyumba nyingine tofauti na yenu. Flashi pekee si hifadhi. Haki za vipindi ni za wenyewe, basi nakala hizi ni za familia, si za kuuza.

Jioni ya kutazama

Kosa la kwanza ni umbo la picha. Runinga ya leo ni pana, na ikiachwa yenyewe huivuta picha mpaka Mama Kayai, yaani Mary Khavere, anakuwa mnene asivyokuwa. Ingia kwenye ukubwa wa picha, chagua 4:3, ukubali mistari myeusi pembeni. Zima kipengele cha kulainisha mwendo, na punguza ukali wa picha karibu na sifuri, kwa maana hukuza chengachenga tu.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Ucheshi wa vipindi hivi umo kwenye lafudhi. Benson Wanjau, aliyekuwa Mkikuyu, alimwigiza Mzee Ojwang' kwa Kiswahili cha Mjaluo kwa uaminifu uliowafanya wengi waamini ndiyo lafudhi yake. Herufi moja ikipotea, kichekesho kimepotea. Wazee hupungukiwa kwanza na sauti nyembamba, zile za s, f na t. Spika za runinga bapa hutazama ukutani, kwa hiyo unganisha redio au spika ya nje, uiweke usawa wa masikio, mita 2 hivi kutoka kwa mzee, na punguza besi badala ya kuongeza sauti yote.

Kwa mzee mwenye kupoteza kumbukumbu, kipindi kimoja kwa siku kinatosha, alasiri, kabla giza halijaingia. Akitaka kilekile cha jana, mpe kilekile. Akiuliza Ojwang' yuko wapi siku hizi, usimfanyie mtihani wa kumbukumbu. Wanjau alifariki Julai 2015, na mzee anaweza kuipokea habari hiyo kama mpya kila mara. Mjibu kwa kumrudisha kwenye tukio lililo mbele yake. Wajukuu waelezwe mapema nani ni nani, kabla kipindi hakijaanza, kwa sababu maelezo ya katikati hufunika majibu ya mshtakiwa.

Unapowagawia ndugu nakala, kumbuka runinga nyingi za zamani husoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 tu, na FAT32 haikubali faili la zaidi ya GB 4. Kata kila kipindi kivyake. Lipe faili jina ambalo shangazi ataweza kulisoma kutoka kwenye kochi: kipindi, mwaka kama unaujua, na yale maneno yaliyoandikwa kwenye lebo, vilevile kama yalivyoandikwa.