Kampala haitoshi: niliyojifunza nikibeba madodoso

Watu huniuliza kama kusoma miji mikubwa kunatosha kuielewa jamii. Nianze na kisa. Mwanzoni mwa kazi yangu ya kukusanya data hapa Uganda nilimsaidia mwanafunzi mmoja wa ng'ambo aliyekuja kutafiti habari za lugha. Alikaa Kampala miezi mitatu, akazunguka Wandegeya, Ntinda, Owino na Makerere, kisha akaandika sentensi aliyoipenda mno: Uganda hawasemi Kiswahili na wala hawakitaki. Akanipa niisome. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekata simu ya mama yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anauza mukene, yaani dagaa, sokoni Busia mpakani na Kenya, kwa Kiswahili hichohicho.

Hakuwa amedanganya. Alichokisikia Kampala ndicho alichokiandika. Tatizo ni kwamba Kampala ina kumbukumbu zake. Kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili ni lugha ya askari aliyegonga mlango usiku. Jeshi lilikitumia tangu enzi za Mwingereza, Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na hofu ya miaka ile ikabaki imekwama kwenye lugha yenyewe. Mabadiliko ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo, salimia kwa Kiswahili ndani ya takisi ya Kampala, yaani basi dogo la abiria, leo, kuna mtu atageuka akutazame mara mbili.

Sasa panda basi la usiku, vuka Nile pale Karuma, uamkie Arua. Sokoni kuna watu wa kutoka Kongo na Sudan Kusini, na Kiswahili kinapimia mihogo na vitenge bila mtu yeyote kushtuka. Nenda Malaba, nenda Busia kwetu, huko mpakani ambako hata neno bodaboda lilizaliwa kwa vijana waliokuwa wakivusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Sentensi ya yule mwanafunzi ilikuwa sahihi kwa vilima vichache vya Kampala tu.

Na vilima hivyo si vingi kama mtu anavyodhani akiwa amekwama kwenye foleni ya Jinja Road. Sensa ya 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46 nchi nzima. Kampala yenyewe kama milioni 1.8. Yaani katika kila watu mia, wanaolala Kampala ni wanne. Mchana jiji linafurika, kwa sababu wengine wanaingia kutoka Wakiso na Mukono, wanauza, wanafanya kazi ofisini, jioni wanatoka. Ukiwahoji saa sita mchana pale paki ya takisi ya zamani, hujui hata umehoji watu wa wapi.

Nisimcheke sana yule kijana, maana kosa langu mwenyewe lilikuwa baya kuliko lake, nami ni mwenyeji.

Tuliandaa dodoso la afya, tukalijaribia Kampala, likaenda vizuri, tukalibeba mpaka milima ya Kabale. Kulikuwa na swali: mgonjwa akizidiwa usiku, mnampeleka hospitali kwa usafiri gani? Majibu ya kuchagua yalikuwa ambulensi, gari binafsi, takisi, boda, na mwisho kisanduku cha "nyinginezo". Kule mlimani kila mtu alikuwa anaangukia kwenye hicho kisanduku cha mwisho. Nyumba ya kwanza, nyinginezo. Ya pili, nyinginezo. Kufikia jioni nilikuwa na rundo la nyinginezo, na kwa uchovu nikaandika kwenye muhtasari wangu kwamba kijiji kile hakina usafiri wa wagonjwa.

Kumbe walikuwa na mpango kuliko sisi wa Kampala. Unaitwa engozi. Ni machela, lakini jina hilohilo ni la kikundi chenye machela. Kila familia ni mwanachama na inatoa mchango. Mtu akiugua usiku, wanaume wa zamu wanaamshwa, wanapokezana mabegani kuteremka mlima mpaka barabarani. Asiyetokea anapigwa faini. Kadiri barabara na pikipiki zilivyoongezeka, vikundi vingi havikufa, viligeukia mambo mengine: kukopeshana, kununua sufuria, viti na maturubai, kusimamia mazishi. Ukitaka kujua nani anaaminika kijijini na nani ametengwa, uliza nani si mwanachama wa engozi. Hakuna swali katika dodoso letu la kurasa kumi na mbili lililokaribia kujua hayo.

Tulikuwa pia na mkalimani wa kutoka Kampala, kijana hodari, akazungumza Luganda na bibi wa Kikiga wa miaka themanini. Bibi alimjibu kwa adabu sana na kwa ufupi sana. Siku ya pili tulimtumia mwalimu wa shule ya pale pale, na bibi yuleyule alizungumza mpaka chai ikapoa.

Ardhi nayo ilinifundisha namna hiyohiyo. Aliyekulia Kampala akisikia ardhi anawaza hati, mailo (ardhi ya mtu anayeimiliki moja kwa moja), kibanja (kipande cha anayekaa juu ya ardhi hiyo), na ugomvi wa mwenye mailo na mwenye kibanja, ambao mizizi yake iko kwenye mkataba wa Buganda wa 1900. Nenda vijiji vya Gulu uulize nani mwenye shamba hili. Watakujibu ukoo. Una hati? Hakuna. Nikaweka alama kwenye "hana hati," na mezani Kampala mtu mwingine akaisoma kama "hana ardhi." Katiba ya 1995 inatambua umiliki wa kimila sawasawa na aina nyingine tatu, ila kisanduku chetu hakikuitambua. Na huko Acholi, eneo la Gulu, si jambo la kuchezea, maana watu waliishi kambini miaka mingi wakati wa vita vya waasi wa LRA, na waliporudi, mpaka wa shamba ulikuwa kwenye kumbukumbu za wazee waliobaki hai.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kusoma miji mikubwa kunatosha kuielewa jamii, jibu langu ni hapana. Lakini sikubaliani pia na wale wanaosema Uganda halisi iko kijijini, wanaopiga picha ya nyumba ya nyasi wakati wa machweo na kuweka maneno ya hekima chini yake. Mkulima wa matoke Isingiro anajua asubuhi hiyohiyo mkungu umeuzwa bei gani Kampala, na asipojua mwenye lori atampunja. Mabati ya nyumba yake yametoka kwa binti anayefanya kazi Kampala, hela ikija kwa simu. Kijiji bila jiji hakielezeki. Na jiji pia: pale Banda kuna mtaa wanauita Acholi Quarter, watu waliokimbia vita wakabaki, wanaponda mawe kwenye machimbo na kutengeneza shanga za karatasi. Ukiwahoji kama "maskini wa mjini" bila kuuliza walitoka wapi na kwa nini, umepata nusu ya habari, tena nusu isiyo na maana.

Wakati mwingine hata neno jiji lenyewe linakupoteza. Julai 2020 Arua, Gulu, Mbale, Mbarara, Jinja, Masaka na Fort Portal zilipandishwa kuwa majiji, na mipaka ikasogea nje. Kuna watu walilala wakulima wa mihogo wakaamka wakazi wa jiji, mihogo ikiwa palepale. Mchambuzi akichora mstari wa mjini na vijijini kwa takwimu za kabla na baada ya tarehe hiyo, ataona wimbi la watu kuhamia mijini ambalo miguu ya mtu haikutembea.

Ninachowashauri wadogo zangu wanaoanza kazi hii, iwe utafiti, uandishi wa habari au kazi za miradi: fuata mtu mmoja kwao. Hilo peke yake linazidi mahojiano hamsini ya Kampala. Dereva wa boda wa stendi yako, mama anayekuuzia kikomando (chapati na maharage), mlinzi wa geti. Muulize Krismasi anakwenda wapi, na akifa atazikwa wapi. Swali la pili liulize kwa upole, ila liulize, maana mtu anaweza kuishi Kampala miaka arobaini, akajenga, akasomesha, na bado kaburi lake liko kwenye ardhi ya baba yake Soroti au Kasese. Pale atakapozikwa ndipo penye watu anaowaogopa na kuwaheshimu, na ndio wanaompangia mengi anayoyafanya mjini.

Ukifika huko, anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ukiwa na barua yako, hata kama mwenyeji wako anakwambia si lazima. Kampala mwenyekiti ni mtu wa kugonga muhuri. Kijijini ndiye anayesikiliza kesi ya mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Usiende msimu wa kupanda ukategemea kukuta mtu nyumbani saa nne asubuhi. Nilifanya hivyo Iganga, nikahoji wagonjwa na wazee tu, nikashangaa kwa nini kila mtu analalamika magoti. Lala senta, yaani kituo cha biashara cha kijijini, siku ya soko na siku isiyo ya soko, kwa sababu ni sehemu mbili tofauti zenye jina moja. Na dodoso lako lijaribie nje ya mji kwanza, kabla ya Kampala, kisha kila jioni soma "nyinginezo" kabla hujala.

Yule mwanafunzi alikuja Busia baadaye, kwa gharama zake. Mama alimpa kiti nyuma ya meza ya mukene, na mpaka saa saba alikuwa anarudisha chenji ya shilingi za Uganda na za Kenya kwa Kiswahili kibovu kabisa. Ile sentensi aliifuta, akaandika kurasa sita badala yake.

Mwaka huu nafunga kazi tarehe 20 Disemba. Anayetaka tuongee zaidi kuhusu haya anitafute kabla ya hapo, la sivyo atanipata Busia, na nauli ya basi itakuwa imeshapanda.