"Douse" ni kulowesha au kuzima?

Mkuu nimekupata, umeona "doused in petrol" kwenye habari halafu mstari wa chini yake "doused the fire", ukabaki unajiuliza huku wamelowesha kule wamezima, sasa ipi ni ipi. Zote sahihi, wewe angalia kinachotendewa tu: kikiwa moto au taa ni kuzima, kikiwa mtu, nguo au msosi ni kumwagia mpaka kilowe chapachapa, na hapo mara nyingi utaona "with" au "in" kisha kimiminika chenyewe. Kulitamka linaenda na "mouse" sio "dose", mi mwenyewe nilikuwa nakosea hapo muda mrefu tu.

Usichanganye na "dowse" ya kutafuta maji ardhini kwa kijiti. Kukata kiu ni "quench", sio douse. Kwenye stori za kawaida za kuzima moto sema "put out", douse inanukia gazeti kidogo.

Ila kama unatafsiri maelekezo ya usalama usiandike "nyunyizia", douse ni maji mengi, na mafuta yanayowaka kwenye kikaango hayamwagiwi maji kabisa, kwa hiyo kazi kama hiyo mpe mtafsiri aliyesomea aipitie kwanza.