Upande wa kulia ndo unasumbuaga

Pole dada, na bi mkubwa pia. Bi mkubwa kavutwa damu kwenye vena za tezi za adrenali (zile mbili zilizo juu ya figo) ili ijulikane ni ipi inatoa homoni ya aldosteroni kupita kiasi, nawe umeuliza mbona damu ya tezi ya kushoto imetoka safi halafu ya kulia wanasema irudiwe, je wamekosea? Si lazima. Vena ya kushoto inamwaga damu kwenye vena ya figo, katheta (kamrija kembamba ka kuvutia damu) inaifikia bila shida sana, ila ya kulia ni kafupi mno na kanaingia moja kwa moja kwenye vena kava (ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo) kwa nyuma, tena watu wengine kanaungana kwanza na kavena kadogo ka ini, sasa hapo ukivuta damu unapata mchanganyiko, homoni imeshazimuliwa.

Ndo maana wanapima kotisoli (homoni nyingine ya tezi hizo) pamoja na aldosteroni. Kama kotisoli ya kwenye tezi haifiki angalau mara 2 ya ile ya damu ya kawaida (wakimpa dawa ya kuamsha tezi wengi wanataka mara 5) basi ncha ya katheta haikuwa mahali pake na majibu hayo yasitumike kabisa, hilo naomba mlishike, mtu anaweza kutolewa tezi isiyo na kosa.

Kabla ya kurudia muulizeni daktari kama ipo siti skani ya dawa ya rangi, aangalie hiyo vena ya kulia inatokea wapi. Na kwa umri wa bi mkubwa msikubali uvimbe wa kwenye skani peke yake uamue upasuaji, uvimbe unaweza kuonekana kushoto na aldosteroni inatoka kulia.