Kuvuja kwa oili mbele ya injini na kubadilisha taimingi cheni nyumbani

Umeeleza kwamba oili inadondoka upande wa mbele na taimingi cheni, yaani cheni inayounganisha kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu), inagonga kwa sekunde chache unapowasha gari asubuhi, ukauliza kama unaweza kushughulikia yote mawili nyumbani. Unaweza, lakini osha injini kwanza, uiwashe, kisha ukague kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu oili hushuka, na mara nyingi gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) ndiyo huchafua sehemu inayosingiziwa sili ya kranki (mpira unaozuia oili isivuje mbele ya kranki).

Kwa kuwa kifuniko cha cheni lazima kitoke ili kuibadilisha, badilisha sili ya kifuniko hicho, tensheni (kikaza cheni) na miongozo ya cheni papo hapo. Kabla ya kulegeza chochote, zungusha kranki kwa spana hadi pistoni ya kwanza ifike juu na alama za gia zinazobeba cheni zilingane. Cheni ikishatoka, usizungushe kranki wala kamshafti, kwani kwenye injini nyingi valvu zitagonga pistoni.

Ukimaliza kufunga, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili; ikikwama, usilazimishe, bali fungua na ukague upya. Alama za gia lazima zirudi mahali pake, ingawa zile pingili za rangi kwenye cheni huenda zisilingane tena (jambo hili huwatisha wengi bure).

Silikoni ya kuziba maungio ya kifuniko ipake nyembamba. Inayozidi hukatika ndani, ikaangukia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili.